Jigi zangu zinanasa mawe, manyoya yanachomoka na sangara wanagonga tu wanaachia: nibadilishe rangi?

"Fundi habari za majukumu. Niko Mwanza, wikiendi navua sangara kwa fimbo, mara niko juu ya mawe mara niko kwenye mtumbwi wa rafiki yangu. Jigi za dukani, zile ndoano zenye kichwa kizito na manyoya, ni bei na nyingi naziacha kwenye mawe, kwa hiyo miezi minne sasa natengeneza mwenyewe. Nachukua ndoano za kawaida za mgonzo (ile kamba ndefu ya ndoano nyingi), nayeyusha risasi za betri kuukuu za gari kwenye jiko la mkaa hapo nyuma ya nyumba, namimina kwenye kalibu ya udongo, afu nafunga manyoya ya mbuzi kwa uzi wa cherehani. Shida ni kwamba ikining'inia inasimama wima kama kijiti, inanasa mawe kuliko hata zile za dukani, na manyoya yanachomoka baada ya samaki mmoja au wawili. Sangara wanagonga tu wanaachia. Nimejaribu nyekundu, nyeupe, kijani. Naomba uniambie rangi gani ndo ya Ziwa Victoria. Na je, zinafaa kwa sato pia?"

Kaka nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nimefurahi sana maana umeeleza vizuri, watu wengi wananiandikia "jigi yangu haivui" basi imeishia hapo. Kwa kifupi wewe unadhani una shida moja ya rangi, mi naona una shida nne na rangi haimo. Ya rangi ntaijibu mwisho kabisa. Kuna kitu kingine kimenishtua zaidi na hukukitaja kama shida, nacho ni hiyo betri.

Acha kuyeyusha betri. Leo leo, hata kama una order ya mtu. Zile sahani za ndani ya betri si risasi tupu, zimejaa unga wa oksaidi na salfeti ya risasi, zimelowa asidi, na mara nyingi zimechanganywa na antimoni. Ukizipasua na kuziweka kwenye moto ule unga unaruka, unatua kwenye udongo wa uani, kwenye nguo zako, kwenye nywele, kwenye jiko lenyewe ambalo pengine jioni linapika ugali. Watu wanaogopa moshi tu, lakini kinachoumiza familia nyingi ni vumbi, kwa sababu moshi unaondoka lakini vumbi linabaki na mtoto anatambaa hapo afu anatia kidole mdomoni. Mtoto mdogo mwili wake unafyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inagusa ubongo unaokua, na usitegemee kuona dalili, mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa.

Hujasema kama una watoto. Kama wapo, au kama mama watoto ni mjamzito, nenda nao hospitali, si duka la dawa, mwambie daktari maneno haya haya: nimekuwa nayeyusha risasi za betri nyumbani miezi minne, nataka kipimo cha risasi kwenye damu. Si kila kituo kina kipimo hicho lakini daktari atakuelekeza. Wewe mwenyewe upime pia, hasa kama unaumwa kichwa mara kwa mara, tumbo linakukata au unakosa choo. Pale uani usifagie pakavu, mwagia maji kwanza ndo uondoe udongo wa juu. Sufuria na jiko ulivyotumia visirudi jikoni tena, na betri zilizobaki wapelekee wanaonunua betri mbovu, zikiwa nzima hivyo hivyo.

Najua utauliza sasa nitengeneze na nini. Kuna njia ya kutoyeyusha chochote, na kwa mtu anayeanza naipenda zaidi. Chukua waya wa shaba wa umeme, uchune plastiki, uzungushe mbele ya shina la ndoano, tabaka juu ya tabaka, mpaka upate kichwa cha uzito unaotaka, halafu kifunike kwa gundi. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa ujazo ule ule risasi ina kama gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo na shaba ina 8.9, kwa hiyo kichwa chako kitakuwa kinene zaidi kwa kama robo hivi. Haidhuru, kwa maji ya mita tatu nne hutaona tofauti. Njia ya pili ni kununua vichwa vitupu vyenye ndoano yake tayari, vya risasi au vya tangsteni (metali nyingine nzito), bila manyoya, vile vya risasi bei yake ni ndogo kuliko jigi kamili na wewe unabaki na kazi tamu ya kufunga. Ukija kutaka kumimina risasi kweli, nenda ukajifunze kwa mtu anayefanya kazi hiyo, nje, mbali na makazi, kwa chubwi safi na si betri, na uogope maji kama unavyoogopa nyoka, maana tone moja la maji au kalibu ya udongo yenye unyevu ikikutana na risasi iliyoyeyuka (inayeyuka nyuzi joto 327) yale maji yanageuka mvuke ghafla na kuirusha risasi usoni. Kalibu ya udongo uliyoitaja ndo hatari yenyewe hiyo, udongo unatunza unyevu hata ukiuona mkavu, nashukuru Mungu hujaungua.

Haya sasa tuje kwenye jigi. Kwa nini inasimama wima kama kijiti? Shika ndoano ya mgonzo uiangalie, tundu lake liko mwisho kabisa wa shina, limenyooka nalo. Ukiining'iniza kwa tundu hilo, kila kitu kinaning'inia chini ya tundu, kichwa juu, manyoya chini. Hata uweke uzito wa namna gani hapo mbele itasimama tu, kwa sababu kitu kinachoning'inia lazima kitafute kukaa uzito wake ukiwa chini ya pale kilipofungwa. Ndoano ya jigi imekunjwa karibu na tundu, nyingine kwa nyuzi 90, nyingine 60 au 30, na tundu linaelekea upande ule ule wa ncha. Kichwa kinamiminwa kwenye ile kona, tundu linatokea mgongoni, kwa hiyo uzito unakuwa chini ya tundu na jigi inalala mlalo kama samaki mdogo aliyetulia. Na faida ya pili, ndo inayokutesa wewe, ncha inaangalia juu. Yako ncha inaangalia chini, inakwangua kila jiwe, na Mwanza kwa mawe tunajuana.

Usijaribu kukunja ndoano za mgonzo kwa koleo. Zimetiwa ugumu kiwandani, ukikunja baridi inavunjika au inapata ufa usiouona, ukiipasha moto ili ikunjike ugumu unaondoka na sangara wa kilo sita ataifungua kama waya wa kuanikia nguo. Mi nimepoteza samaki wakubwa wawili kwa ujanja huo kabla sijaelewa. Kama una ndoano zilizonyooka na hutaki kuzitupa, fanya hivi: uzito usiuzungushe sawa pande zote, uweke upande wa mgongo wa shina, yaani upande usio na ncha. Hapo uzito unakuwa kama mkuku wa jahazi, unaigeuza ndoano tumbo chini ncha juu inapovutwa. Ukirusha kutoka kwenye mawe na kuvuta itafanya kazi vizuri. Ila ukiwa kwenye mtumbwi unashusha wima, hiyo haitalala kamwe, pale nunua za nyuzi 90, hakuna njia ya mkato.

Ukishapata za nyuzi 90 kuna kajambo kadogo watu hawakajui, ni fundo. Tundu la ndoano ni duara, fundo linateleza. Likiteleza kwenda mbele jigi inaangalia juu mkia chini, likirudi nyuma inakaa sawa. Kila ukipata samaki, au ukivuta kwa nguvu kwenye jiwe, lirudishe fundo mahali pake kwa kucha halafu iangalie ikining'inia kabla hujashusha tena. Sekunde tatu tu. Kwa zile za kurusha fundo la kitanzi ni bora, jigi inacheza huru ndani ya kitanzi.

Uzito sasa, na hapa ndo roho ya jigi yenyewe ilipo. Sangara mara nyingi haichukui jigi ikipanda, anaichukua ikishuka, kwa sababu samaki mdogo anayeshuka bila nguvu ni chakula kisichokimbia. Kwa hiyo unachotengeneza kwa kweli ni mwendo wa kushuka. Mwendo huo unaamuliwa na vitu viwili vinavyovutana, uzito unaivuta chini na manyoya yanakamata maji yanaizuia. Ukiongeza uzito mara mbili na manyoya ukayaacha vile vile haishuki mara mbili, inaongezeka kama mara 1.4 tu hivi, kwa sababu maji yanazidi kupinga kadiri unavyoenda kasi. Wakati ukipunguza nusu ya manyoya tofauti unaiona papo hapo. Ndo maana nakwambia kaa na mkasi zaidi ya kukaa na moto. Chukua ndoo au pipa, lowesha jigi kabisa (kavu inakudanganya), iachie, uhesabu. Ifanye mbili zishuke pamoja, moja yenye manyoya mengi moja machache, utajifunza kwa dakika kumi kitu ambacho mi kilinichukua msimu mzima. Kuanzia, juu ya mawe kwenye maji ya mita 3 hadi 5 nenda gramu 10 hadi 14, kwenye mtumbwi mita 10 hadi 15 nenda 20 hadi 30, upepo ukiongezeka panda kidogo.

Kugonga na kuachia nako kuna sababu yake. Sangara hamshiki samaki kwa kumng'ata, anafungua lile domo ghafla na maji yanaingia kwa nguvu na chakula ndani yake, anafyonza. Kama mshipi wako umekaza kama waya wa gita jigi haiwezi kuingia naye, inaishia mdomoni, wewe unasikia "tak" na basi. Baada ya kuinua, shusha ncha ya fimbo ukiifuata jigi, mshipi uwe na ulegevu kidogo tu, macho yawe kwenye mshipi, ukiuona umesimama kabla ya wakati wake au umekwenda pembeni, vuta. Sababu ya pili ni manyoya marefu, mtu anafunga manyoya mara tatu ya urefu wa ndoano kwa sababu yanapendeza, samaki anashika mkia na ncha iko mbali mbele huko. Yaishie nusu ya urefu wa ndoano kupita pale inapopinda, isizidi hapo. Ya tatu ni manyoya mengi hadi yanaziba nafasi kati ya ncha na shina. Na noa ncha kaka, piga kwenye ukucha, ikiteleza haijanoleka.

Manyoya kuchomoka. Watu wa Ulaya na Marekani wanasifia sana nywele za mkia wa paa wao kwa sababu karibu na shina zina uwazi ndani, uzi ukizibana zinaminyika na kutanuka, zinajishika zenyewe. Ya mbuzi hayako hivyo, ni laini na yana mafuta, uzi unabana lakini yenyewe yanateleza chini yake kama sabuni. Sio mabaya, tena kwenye maji yanacheza vizuri mno, ila yanataka maandalizi. Yaoshe kwa sabuni ya vyombo mpaka yasinate mafuta, yakaushe, halafu shika kishungi kwa ncha uchane shina lake kwa kitana kutoa ile sufi fupi ya ndani. Hiyo sufi ndo adui yako mkubwa, inajaza nafasi chini ya uzi bila kufungwa na chochote, ikitoka kidogo kila kitu kinalegea. Pili uzi wa pamba achana nao, unanyonya maji na unaoza, tafuta wa polista mwembamba, upitishe kwenye nta ya nyuki au hata mshumaa. Zungusha uzi mtupu kwanza kwenye shina, tabaka zima lililobanana, manyoya yasikae kamwe juu ya chuma kitupu. Pakaa tone la gundi. Kisha weka kishungi kidogo, unene wa njiti mbili tatu za kiberiti, zungusha mara mbili kwa ulegevu ukikishika kwa kidole, ya tatu ndo ukaze. Ukaze kiasi gani? Makusudi kata uzi mara tano sita kwa kuukaza kupita kiasi, ili mkono ujue mwisho wake uko wapi, kisha fanya kazi chini ya hapo kidogo. Kishungi cha kwanza chini, cha pili pembeni, cha tatu, cha nne, mpaka umezunguka. Kishungi kimoja kikubwa ndo kosa la kila anayeanza, yale ya katikati hayajawahi kuguswa na uzi hata mara moja.

Kumaliza usifunge fundo la kawaida juu. Kata kipande cha mshipi wa nailoni, ukunje kitanzi, ukilaze juu ya kazi yako kitanzi kikiangalia nyuma, zungusha uzi juu yake mara saba, kata uzi, ingiza ncha yake kwenye kitanzi, afu vuta zile ncha mbili za nailoni, uzi wenyewe utaingia chini ya mizunguko yake na kujizika. Gundi nyembamba juu, ikikauka pakaa rangi ya kucha ile isiyo na rangi mara mbili. Jigi iliyofungwa hivi utachoka wewe kabla haijachomoka. Vaisi ndogo ya kubana ndoano itakusaidia, lakini hata koleo la kujibana lililofungwa kwenye meza linatosha. Na vaa miwani unapofunga na unapovua, ndoano ikiingia kidoleni hadi kile kijino cha nyuma ya ncha nenda zahanati wakatoe na wakupe sindano ya pepopunda, ikigusa jicho usiivute wewe wala mtu yeyote, funika bila kukandamiza na uende hospitali moja kwa moja.

Manyoya mengine: singa za mkia wa ng'ombe pale machinjioni utapewa bure, ni ngumu zaidi, nzuri kwa jigi nzito. Ya shingo ya jogoo yanapumua majini vizuri sana. Usiende kuokota ya ndege wa porini wala ngozi za wanyama pori, hizo ni nyara na zina sheria yake. Hata yale manyoya laini yanayouzwa kwa jina la marabu, jina limetoka kwa yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni anayekaa majalalani, lakini siku hizi yanatoka kwa bata mzinga.

Sato: hapana, sitakudanganya. Sato anakula zaidi mwani na vitu vidogo vidogo, mara moja moja atagonga kajigi ka gramu 2 chenye manyoya machache, hasa akilinda kiota, lakini kwa muda utakaopoteza mnyoo kwenye ndoano ndogo utakupa mara kumi. Rafiki zangu wa Ziwa Naivasha, Kenya, wao jigi inawalipa kwa sababu kule kuna samaki wanaoitwa basi (bass), waliotoka Marekani wakapandwa ziwani tangu 1929, na kamba wa maji baridi walioletwa 1970, wanafunga jigi za kahawia zenye wekundu na kuziburuta chini kama kamba anayetembea. Kwako ukiiga hiyo utaburuta mawe.

Mwisho rangi. Maji ya Ghuba ya Mwanza ni ya kijani na yamechafuka, mwanga wa buluu unaliwa upesi, unaobaki kushuka chini unaelekea njano na wekundu.  Watafiti waliosoma furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi wa hapo hapo kwenu, walikuta kwamba penye maji machafu majike wanashindwa kutofautisha rangi za madume, mpaka aina zikaanza kuchanganyika. Kama furu aliyezaliwa hapo inamshinda, usimtegemee sangara aone tofauti ya kijani cha kwanza na kijani cha pili. Anachoona ni umbo na tofauti kati ya jigi na maji nyuma yake, na macho yake yameumbwa kwa mwanga hafifu, ndo maana yanawaka ukiyamulika usiku. Kwa hiyo funga mbili tu. Moja nyeupe yenye mgongo wa njano, ya mchana. Nyingine nyeusi tii, ya alfajiri na jua likizama, kwa sababu samaki anaitazama kutoka chini na juu yake kuna mwanga, cheusi ndo kinachoonekana umbo lake vizuri. Mbele ya jigi weka nailoni nene ya milimita 0.8 hivi, meno yake ni kama msasa na mashavu yake yana kingo kali.

Leseni kaulizie ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na wa chini ya sentimita 50 umrudishe majini, ukimtoa ndoano kwa koleo bila kumwinua kwa mashavu. Ukishapata ndoano za nyuzi 90 nitumie picha ya jigi ya kwanza ikiwa imelowa na inaning'inia, ntakwambia ukate wapi.